Sekunde ya kwanza: dizeli ya Nakuru na gari la umeme la Kisumu

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Nakuru, mtaa wa Section 58. Nimelifupisha kidogo:

"Fundi, salamu. Nina BMW 335d xDrive ya 2015 iliyotoka Uingereza: nguvu za farasi 313, torki nyutoni-mita 630. Shemeji yangu wa Kisumu amenunua BYD Atto 3 ya umeme: farasi 204, torki 310. Wakati wa Pasaka tuliongozana kutoka Nakuru kwenda kwao. Tulipotoka kituo cha mafuta, akaniacha. Kericho, kila tulipovuka tuta, akaniacha tena. Lakini mlima wa Sachangwan nilimpita kana kwamba amesimama. Tulipofika, mashemeji wote wakanicheka eti nabeba tani ya chuma cha bure. Je, gari langu linaumwa? Fundi mmoja huku ananiambia nitoe DPF halafu nifanyiwe rimapu. Nikubali?"

Ndugu yangu, nianze na jibu, maelezo yafuate. Huenda gari lako halina ugonjwa wowote, na kama lina ugonjwa, si ule ambao kutoa DPF (chujio la masizi kwenye bomba la moshi) na kufanya rimapu (kuandika upya programu ya kompyuta ya injini) kutautibu. Shemeji yako hakushindi kwa mwendo. Anakushinda kwa sekunde moja, ile ya kwanza, na sekunde hiyo ni ndefu zaidi ukiwa Nakuru kuliko ungekuwa Mombasa.

Kwa takwimu za watengenezaji, 335d xDrive hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.8. Atto 3 huchukua 7.3. Hiyo ni tofauti kubwa: wewe unapogusa 100, yeye bado anaitafuta 80. Sasa mbona anakuacha pale kituoni? Kwa sababu saa ya wapimaji huanza kuhesabu gari linaposogea, si mguu unapokanyaga. Muda wa kati ya mguu kushuka na gari kuondoka haumo kwenye ile 4.8. Hakuna kijitabu cha mauzo kinachouandika. Tena kuna wapimaji, hasa wa Marekani, ambao huondoa hata futi ya kwanza ya safari, kama sentimita 30, kwa desturi waliyorithi kwenye mashindano ya dragi. Tesla nayo hutangaza takwimu za baadhi ya magari yake kwa hesabu hiyo. Yaani kile kipande unachokilalamikia wewe ndicho kinachofutwa kwanza. Na dereva wa majaribio huwa ameliandaa gari kabla ya kuondoka, jambo ambalo wewe pale pampu ya mafuta hukulifanya, wala hukuwa na sababu ya kulifanya.

Tuingie ndani ya sekunde hiyo tuone kinachoendelea.

Gari lako limesimama, injini inanguruma polepole, mizunguko kama 700 kwa dakika. Ile torki ya 630 unayojivunia, yaani nguvu ya kuzungusha, huanza kupatikana mizunguko ikifika 1,500. Umekanyaga. Kompyuta inapokea amri na ingependa kumwaga dizeli nyingi, lakini ndani ya silinda hakuna hewa ya kutosha kuichoma. Ikimwaga hivyo hivyo, utatoa wingu jeusi kama lori la kokoto. Kwa hiyo inazuia dizeli na kusubiri hewa. Hewa inaletwa na tabo. Tabo nayo inazungushwa na moshi. Moshi wa nguvu hauji mpaka dizeli ya kutosha imechomwa. Umeona mduara huo? Kila mmoja anamngoja mwenzake, kama wageni mlangoni, huyu anasema tangulia na yule anasema la, wewe kwanza. Injini yako ina tabo mbili, ndogo na kubwa, na ile ndogo iliwekwa makusudi iamke mapema ili kuufupisha mvutano huo. Inaufupisha. Haiufuti. Wakati huohuo torki konveta, ile ngoma ya mafuta iliyo kati ya injini na giaboksi, inateleza kidogo kabla haijashika.

Upande wa shemeji yako hakuna wa kumngoja mwenzake. Pedali ya mafuta (naendelea kuiita hivyo hata kwenye gari lisilojua mafuta ni nini) inatuma ishara, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota) inaachilia mkondo, mota inasukuma. Mota ya umeme hutoa torki yake yote hata ikiwa haijazunguka mara moja. Tena wahandisi huipunguza makali makusudi mwanzoni, la sivyo matairi ya mbele yangekuwa yanasaga lami kila asubuhi.

Mimi niliyaona haya kwa macho, si kitabuni. Siku moja mteja mwenye sedani ya dizeli alinichukua hadi kwenye uwanja mdogo wa ndege wa shamba moja upande wa Njoro, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Nikakaa kiti cha abiria, skana mapajani, nimefungua mistari miwili: presha ya tabo inayoombwa na kompyuta, na presha inayopatikana kweli. Akakanyaga hadi chini. Mstari wa kwanza uliruka palepale hadi juu. Wa pili ukaamka kama mtoto anayeamshwa Jumatatu ya kufungua shule: ukajinyoosha, ukapanda kidogo, ukasita, kisha ghafla ukakimbia kumfuata mwenzake. Niliweza kusema "moja" na kuanza "mbili" kabla haijakutana. Na lilikuwa gari zima kabisa. Baadaye mchana huohuo nilipanda gari la umeme la rafiki yake, na kikombe cha chai nilichokuwa nimekishika vibaya kikanimwagikia shati kabla sijajua kwamba tumeondoka. Tangu siku hiyo sipandi na chai.

Sasa mwinuko, maana hapa ndipo Nakuru yenyewe inapoingia kwenye kesi.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Munich, nyumbani kwa BMW, iko kama mita 520 tu. Gari lako lilizaliwa kwenye hewa nzito, sasa linapumua hewa nyepesi. Tabo ikishaamka inaweza kulipia upungufu huo kwa kuzunguka kasi zaidi, na ndiyo maana watu husema dizeli yenye tabo haijali milima. Wanasema kweli nusu. Kabla tabo haijaamka, injini yako ni injini ya kawaida inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, na imepungukiwa na moja ya tano ya hewa. Hewa kidogo, dizeli kidogo, moshi kidogo, na tabo inachelewa zaidi kuamka. Ule mduara wa wageni mlangoni unarefuka.

Halafu kuna kazi ya ziada. Tuseme kwa mfano injini inataka hewa iliyoshindiliwa hadi baa 2.5 kamili. Pwani tabo inaanza na baa 1, inaikuza mara mbili na nusu. Nakuru inaanza na 0.8, hivyo lazima ikuze zaidi ya mara tatu ili ifike palepale. Mau Summit, ambako barabara inapita mita 2,400, inaanza na robo tatu hivi. Tabo inafanya kazi hiyo, lakini inachukua muda zaidi kufika na inazunguka karibu zaidi na kikomo chake. Ikumbuke nukta hii ya kikomo. Nitairudia kwenye habari ya rimapu.

Mota ya Atto 3 haipumui. Iwe Dunga ufukweni, iwe Timboroa kwenye baridi, torki ni ileile. Hata hewa nyepesi inaisaidia kidogo kwa kuwa upepo unaoizuia ni mwembamba zaidi. Ukitaka kulihakikisha hili bila kutumia shilingi, siku ukishuka Kisumu, mita 1,130 na ushee, sikiliza gari lako linavyoondoka kwenye tambarare za Kano baada ya Ahero. Utahisi limekuwa jepesi mguuni. Wateja wangu kadhaa wa Eldoret huniambia wakifika kwa mkwe Kisumu gari "linapona", na wanadhani ni mafuta ya huko.

Tuje kwenye torki, maana mashemeji zako wamepotoka hapa, na wewe pia kidogo. Utasikia kila mahali kwamba gari la umeme lina torki nyingi kuliko dizeli. Kwa magari yenu mawili si kweli hata kidogo. Tena kinachosukuma gari si torki ya injini bali ile inayofika kwenye magurudumu baada ya giaboksi na difu kuizidisha. Gia ya kwanza ya giaboksi yako ya gia 8 huzidisha mara 4.7 hivi. Difu, tuseme, huzidisha mara 2.8. Chukua 630, zidisha, zidisha tena: unapata nyutoni-mita 8,000 na zaidi kwenye magurudumu. Atto 3 haina giaboksi ya kubadilisha; ina gia moja tu ya kupunguza mizunguko. Kwenye magari ya aina hiyo uwiano huwa kati ya 8 na 11. Tuchukue 10: 310 mara 10 ni 3,100.

Yaani tabo ikishaamka, ukiwa gia ya kwanza, unasukuma kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya shemeji yako. Mali unayo. Tatizo ni kwamba mali hiyo iko benki na benki inafungua saa tatu, wakati yeye anatembea na noti mfukoni.

Na gia ya kwanza haidumu. Kwa hesabu hizo hizo na tairi la kawaida, inaishia kama kilomita 40 kwa saa. Ya pili inafika 60, ya tatu 90 hivi. Kila gia unayopanda, kizidisho kinapungua. Kwenye gia ya tatu magurudumu yako yanapata kama 3,700, si 8,000 tena. Usiulaumu ubadilishaji wenyewe wa gia. Giaboksi hiyo hubadilisha haraka kiasi kwamba abiria aliyesinzia hataamka.

Mota nayo ina siri yake. Torki ya 310 haiendelei milele. Kilowati 150 ndiyo dari ya mota, na kwa hesabu yangu dari hiyo inaguswa mota ikiwa kwenye mizunguko kama 4,600 kwa dakika, sawa na gari kwenda kilomita 60 kwa saa. Kuanzia hapo torki inaanza kushuka jinsi mwendo unavyopanda. Ndiyo maana gari la umeme la kawaida linakupa kofi mgongoni kati ya 0 na 50, kisha ukifika 90 unaanza kujiuliza lile kofi limekwenda wapi. Wewe kwenye 90 ndiyo kwanza umenoga.

Kuanzia hapo mchezo si wa torki tena, ni wa kilowati. Wewe una 230, yeye ana 150, na magari yenu yanakaribiana uzito; la kwake ni kilo 1,750 kwa sababu ya betri, lako halipungui sana hapo licha ya kuwa sedani ya chini. Hesabu ndogo kwa wanaopenda: kulitoa gari la kilo 1,750 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kunataka nishati ya kilojuli 675 hivi. Kwa lugha ya tokeni za stima, hiyo haifiki hata moja ya tano ya yuniti. Kiasi hicho si kitu. Kazi iko kwenye kukilipa haraka. Ukikilipa kwa sekunde 7.3, umetumia wastani wa kilowati 92. Ukitaka kukilipa kwa chini ya sekunde 5, unahitaji kilowati zaidi ya 135 kwa wastani, na mota ya 150 haiwezi kukupa wastani huo ukishatoa kipande cha mwanzo ambapo mwendo bado mdogo na nguvu haijafika juu.

Sachangwan sasa inajieleza yenyewe. Tuseme barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100, gari na watu ni kilo 1,900, mwendo 80. Mlima peke yake unakula kilowati 25 hivi, upepo na matairi wanakula nane au kumi. Shemeji yako akikanyaga yote, amebakiwa na kama 115 za kuongeza mwendo. Wewe, hata nikikutoza kodi ya mwinuko, umebakiwa na nyingi zaidi, na tabo zako ziko macho kwa sababu umekuwa ukipanda tangu Salgaa. Injini iliyo kazini haina sekunde ya kwanza ya kupoteza. Ulimpita kwa haki.

Nikae kidogo hapo Salgaa, maana kwangu mimi swali la mchapuko wa gari si la kuchekana kwenye meza ya wakwe. Ni la trela. Uko nyuma ya trela linalokwenda 80, ukaona nafasi, ukakanyaga. Giaboksi yako iko gia ya nane, ikitulia ili kubana mafuta. Lazima ishuke hadi ya nne au ya tatu, tabo ijaze, ndipo uchomoke. Hata kama yote hayo ni nusu sekunde, kwa mwendo wa 80 gari hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo nusu hiyo ni mita 11, urefu wa matatu mbili za abiria 14. Ukiwa umeshatoka kwenye mstari wako ndipo unagundua gari halijaitikia, unakuwa upande wa wanaokuja ukiwa na mwendo uleule wa trela. Nimewaona madereva wazuri wakiogopa hapo na kurudi kwa kishindo.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama: kabla hujatoka, ukiwa bado nyuma ya trela na umeacha nafasi, sukuma kijiti kwenye Sport au shusha gia mbili kwa mkono. Injini inapanda kwenye mizunguko 2,000 na zaidi, tabo inaanza kujaa, na ukikanyaga unaondoka kama shemeji yako anavyoondoka. Yeye hahitaji matayarisho hayo, na kwa hilo nampa heshima zake zote. Kama ningemnunulia mama yangu gari la kupita malori kati ya Salgaa na Mau Summit, ningechagua lile linaloitikia papo hapo, hata kama lina farasi wachache.

Mwambie tu asivimbe kichwa. Atto 3 inaendeshwa na magurudumu ya mbele, na gari linapoondoka uzito hurudi nyuma. Mvua ya Kericho ikishalowesha lami, au kwenye murram, utaona taa ya kuteleza ikimkonyeza huku kompyuta ikimpunguzia nguvu. Wewe una magurudumu manne yanayosukuma. Betri ikikaribia kwisha, magari ya umeme hujipunguzia nguvu, na mengi hujipunguzia pia yakipata joto kwa kukanyagwa tena na tena.

Lakini nawe usivimbe. Siku shemeji akiuza Atto akanunua BYD Seal ya mota mbili, kilowati 390, sekunde 3.8, hutampita Sachangwan wala popote pengine. Sedani ya dizeli ilishafika mwisho wa kamba yake. BMW yenyewe ilijaribu: mwaka 2017 ilitoa M550d xDrive yenye tabo nne kwenye injini moja ya lita 3, farasi 400, torki 760, sekunde 4.4. Tabo nne! Mbili ndogo za kuamka mapema, mbili kubwa za kubeba juu, na mabomba ya kuziunganisha ambayo fundi akiyatazama anakumbuka madeni yake. Yote hayo ni kuipigania ile sekunde moja. Ilipofika 2020 injini hiyo ikaachwa. Naisifu kwa moyo wote, ila sitaki iletwe karakana kwangu.

Sasa DPF na rimapu. Jibu langu ni usikubali, na sababu si kwamba mimi ni mzee wa kuogopa mambo mapya.

DPF ni chujio la masizi. Likiwa zima, halikuibii nguvu ya maana. Likiziba, linakuibia sana, na njia ya kulishughulikia ni kujua kwa nini limeziba: safari fupi za mjini, Section 58 hadi sokoni na kurudi, injini haipati joto la kuyachoma masizi. Safari ya Kisumu uliyoifanya Pasaka ilikuwa dawa yake. Ukilitoa, lazima kompyuta idanganywe ili isilalamike, na kuanzia hapo skana ya fundi yeyote atakayefuata itasoma uongo huo. Watoto wanaovuka barabara nyuma yako nao watavuta masizi hayo.

Rimapu haiwezi kukupa unachotafuta. Inaweza kuamuru dizeli zaidi na presha zaidi ya tabo pale juu, ambako tayari unampita. Kwenye sekunde ya kwanza kinachokosekana ni hewa, na hewa haiandikwi kwa kompyuta. Halafu ikumbuke ile nukta ya kikomo. Mapu nyingi zinazouzwa ziliandikwa Ulaya, karibu na usawa wa bahari, ambako tabo ina nafasi ya kuongezewa kazi. Hapa Nakuru nafasi hiyo mwinuko umeshaitumia. Ukiidai presha ya Ulaya juu ya hewa ya Mau Summit, unaizungusha tabo kupita inavyopaswa, na tabo hufa bila kuaga: mluzi, moshi wa bluu, kisha ankara. Gari lenyewe ni la 2015. Kwa sheria yetu ya miaka 8 huwezi tena kuagiza jingine kama hilo. Lile ulilo nalo litunze. Vile vidude vya kuchomeka kwenye pedali, vinavyouzwa kwamba vinaamsha gari, vinachofanya ni kukukanyagia zaidi ya ulivyokanyaga. Mguu wako unaweza kazi hiyo bure.

Kuna jambo moja ningelifanya kabla ya kusema gari ni zima. Mwaka fulani aliletwa kwangu mteja na sedani ya Kijerumani ya dizeli, malalamiko yaleyale: nzito mwanzoni, juu inakwenda vizuri. Alikuwa ameshabadilisha vitu vingi mahali pengine. Niliwasha injini nikapitisha mkono chini ya bomba la mpira linalotoka kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo. Kidole kilirudi na mafuta, utando mwembamba mweusi, mahali pasipotakiwa kuwa na mafuta. Nikasafisha, nikampa kijana wangu akanyage taratibu, nikasikia mfano wa nyoka: ssss. Ufa wa urefu wa ukucha. Mwendo mdogo ufa huo ulimwaga hewa ambayo tabo haikuwa nayo ya kumwaga. Kwenye mizunguko ya juu tabo ilikuwa inajaza haraka kuliko ufa ulivyovujisha, hivyo gari likaonekana zima. Mpira mpya, kazi ya saa mbili.

Kwa hiyo anza hivi. Fungua chujio la hewa ulitazame kwa macho, maana vumbi la Nakuru linapoanza kiangazi halina huruma; usiridhike na kuambiwa lilibadilishwa. Pitisha kidole kwenye mabomba yote ya tabo na intakula. Mwambie fundi atazame mipira midogo ya vakyumu inayoendesha milango ya kuchagua kati ya tabo ndogo na kubwa, kwa sababu mlango ukikwama, tabo ndogo inaachwa bila moshi, na hapo utaondoka kama trekta. Vali ya EGR inayorudisha moshi ikikwama wazi, nayo inakulisha moshi badala ya hewa kwenye mwendo mdogo. Kisha skana: asome presha iliyoombwa na iliyopatikana gari likiwa linakwenda, si likiwa limesimama karakana.

Na ukitaka kulipiza kisasi kwa mashemeji, tafuteni eneo la mtu binafsi kwa ruhusa, si barabara kuu. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia ukanyage kiasi hadi injini ianze kuisukuma breki, hesabu moja, achia breki na ukanyage yote. Tabo itakuwa imeshaanza kujaa unapoondoka. Fanya mara mbili au tatu tu, kwa sababu mafuta ya giaboksi hupata joto kali kwa mchezo huo. Kila gari liwe na watu wawili, mpime kwa programu ya simu inayotumia GPS, mwende upande mmoja na kurudi, halafu mchukue wastani, maana uwanja unaoonekana tambarare mara nyingi una mteremko. Betri yake iwe imevuka nusu ili asije akasingizia stima.

Ukishapata zile tarakimu mbili za presha, iliyoombwa na iliyopatikana, kwenye mizunguko 1,500 na kwenye 2,500, niandikie. Zikiachana kwa 2,500, tutaanza kuutafuta ufa. Zikiachana kwa 1,500 peke yake, na mabomba, mipira ya vakyumu na EGR umeshahakikisha ni vizima, huo ni mwinuko wa Nakuru, na mwinuko sina spea yake.